Kisiwani hakuna hoteli ya jirani: Chagua pa kulala kabla ya kuvuka

UKIFIKA Mombasa usiku na kukuta hoteli uliyoitarajia imejaa, utanung'unika kidogo, utauinua mzigo wako na kuvuka barabara. Ng'ambo ya pili ipo nyumba nyingine ya wageni. Hiyo nayo ikiwa chafu, iko ya tatu. Mwishowe utalala, na asubuhi utayasahau yote.

Lakini je, msomaji, ukifika mahali ambapo barabara imekwisha, boti iliyokuleta imegeuka kurudi ilikotoka, na kila upande unaotazama ni maji matupu, utavuka kwenda wapi?

Hilo ndilo swali linalompasa kujiuliza kila mzazi anayefikiria kuipeleka familia yake katika mbuga ya taifa iliyo kisiwani. Tena ajiulize mapema, kabla ya kununua tikiti ya basi. Wengi wetu huanza kwa kuuliza kuna wanyama gani, kisha nauli ni kiasi gani. Pa kulala huwa ni jambo la mwisho, la kutafutwa papo hapo. Bara mtindo huo haudhuru sana. Kisiwani unaweza kuiharibu likizo nzima, na akiba iliyowekwa mwaka mzima ikazama ziwani huku mwenyewe ukiitazama.

Tuchukue mfano wa Kisiwa cha Rubondo, kilichoko kusini magharibi mwa Ziwa Victoria nchini Tanzania. Tumekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ziwa hilo ni letu sisi pia. Maji yanayopiga ufuo wa Kisumu na Homa Bay ndiyo hayo hayo yanayokizunguka kisiwa hicho. Pili, Rubondo ni mahali ambapo kitanda unachokichagua ndicho kitakachoamua utaona nini, utatumia kiasi gani na utarudi vipi nyumbani.

Kisiwa chenyewe

Rubondo ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka wa 1977. Mbuga nzima, pamoja na visiwa vidogo vilivyo karibu na maji yanayohifadhiwa, ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 456. Kisiwa kikubwa kina urefu wa karibu kilomita 28, na sehemu yake kubwa imefunikwa na msitu mnene.

Hakuna kijiji kisiwani humo. Zamani kilikaliwa na wavuvi na wakulima, lakini walihamishwa katika miaka ya 1960 ili mahali hapo pawe hifadhi, wakapelekwa bara na visiwa vya jirani. Kwako wewe mgeni, jambo hilo lina maana kubwa kuliko historia. Hakuna soko, hakuna hoteli ya chai na mandazi, hakuna kioski cha kukuuzia mkate na kiberiti, wala hakuna mama mwenye chumba cha kukodisha. Watu wanaoishi huko ni wafanyakazi wa hifadhi na wale wa kambi ya watalii, basi.

Wanyama wenyeji wa kisiwa ni kama vile nzohe, yule swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu, pongo, viboko, mamba na fisimaji. Wengine waliletwa. Kati ya mwaka wa 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, aliwaleta sokwe 17 kutoka Ulaya. Baadhi yao walikuwa wametumikishwa katika sarakasi, na wengine walikuwa wamezoea kulishwa ndani ya vizimba. Waliachiliwa msituni wajitegemee. Ajabu ni kwamba waliweza. Walijifunza kujitafutia matunda na kujitengenezea vitanda vya matawi juu ya miti, na wajukuu wao ndio wanaopiga kelele katika msitu wa Rubondo hivi leo.

Ndovu, twiga na mbega pia waliletwa na wangaliko. Vifaru walioletwa hawakubahatika, majangili waliwamaliza. Mwaka wa 2000 waliachiliwa pia kasuku wa kijivu waliokuwa wamenyang'anywa walanguzi.

Jambo moja ambalo wazazi watapenda kulisikia ni kwamba Rubondo haina simba wala chui. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya matembezi hufanywa kwa miguu, mkiwa na askari wa hifadhi. Lakini angalia saa za matembezi hayo. Sokwe hutafutwa alfajiri, na nzohe hutoka katika mafunjo mapema asubuhi na jioni. Viboko nao hupanda ufuoni kula majani giza likiingia. Kwa hivyo, uhondo wenyewe uko kwenye ncha mbili za siku, na anayeupata ni yule aliyelala karibu.

Kulala bara

Njia ya kwanza inayomjia mtu mwenye mfuko mdogo ni kulala bara na kuvuka kwenda kisiwani kwa siku moja tu. Tuipime bila upendeleo.

Kutoka Nairobi, basi hupitia Isebania na Musoma hadi Mwanza. Kutoka Mwanza unashika njia ya Geita. Hapo zamani magari yalipanga foleni kungojea feri kati ya Kigongo na Busisi, lakini tangu Juni 2025 yanapita juu ya daraja lenye urefu wa kilomita 3 hivi. Ukifika Geita unaweza kuelekea kaskazini hadi Nkome na kuvuka kutoka huko, au kuendelea upande wa Chato hadi Muganza, ambako karibu yake kuna gati ya Kasenda. Kutoka Kasenda maji ni membamba, na boti ya injini huyakata kwa muda mfupi. Kutoka Nkome safari ya majini ni ndefu zaidi.

Geita ni mji wa machimbo ya dhahabu, kwa hivyo hauna uhaba wa nyumba za wageni. Chato pia zipo. Bei ni nafuu, chakula kipo, soko lipo, na mtoto akiumwa na tumbo usiku hutalia peke yako.

Hasara yake ni saa. Hebu hesabu: Unaondoka Geita kumekucha, unashuka Kasenda asubuhi ikiwa imekwenda, unangoja boti, unavuka, unajiandikisha, unakabidhiwa askari wa kukuongoza. Unapoanza kutembea jua liko utosini. Nzohe amejificha, sokwe wako mbali ndani ya msitu, na viboko wametoa pua tu majini. Kabla jioni haijafika itabidi urudi botini, maana hakuna mwenye busara anayetaka kuvuka gizani. Utakuwa umeviona visiwa na miti, lakini habari za wanyama utazisoma kitabuni.

Isitoshe, katika hifadhi za Tanzania ada ya kuingia huhesabiwa kwa saa 24, nayo ni ya kuingia mara moja. Ukitoka kwenda kulala bara na kurudi kesho yake, huenda ukalipa upya, pamoja na boti ya kwenda na kurudi mara ya pili. Kile kilichoonekana rahisi kimekuwa ghali.

Hata hivyo, usiku mmoja wa bara haukwepeki. Usijaribu kushuka kwenye basi la Nairobi na kuvuka siku hiyo hiyo na watoto waliochoka. Lala Mwanza, Geita au Chato, nunua vyakula, kisha uvuke asubuhi ukiwa na nguvu. Bara ni pa kulala usiku wa kwanza na wa mwisho. Usiku wa katikati ni wa kisiwani.

Mabanda ya hifadhi

Shirika la Hifadhi za Taifa la Tanzania, TANAPA, lina nyumba zake kisiwani, karibu na makao makuu ya hifadhi mahali paitwapo Kageye, kando ya ziwa. Huitwa mabanda. Usishtuke, msomaji, hayafanani na banda la kuku! Ni nyumba ndogo za kawaida, zenye vitanda na vyandarua. Iko pia nyumba ya mapumziko.

Kwa familia ya kawaida ya mjini, au kundi la wanafunzi wakiandamana na mwalimu wao, hapa ndipo mahali pa kuanzia kuulizia. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya kambi ya kifahari. Fauka ya hayo, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huwekewa viwango vyao vya ada ya kuingia, ambavyo viko chini sana vya vile vya wageni kutoka Ulaya na Marekani. Kwa sababu hii kila mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa pamoja na hati yake ya kusafiria, na watoto hati zao. Mkenya asiyeweza kuonyesha kuwa ni Mkenya hana njia ya kudai bei ya Mkenya.

Lakini nafuu hiyo ina masharti yake. La kwanza ni chakula. Usitarajie mpishi anakungoja na kuku wa kukaanga. Beba unga, mchele, mafuta, maharagwe, vitunguu, chumvi, majani ya chai na sukari, na uhesabu siku zako pamoja na siku moja ya ziada. Ukisahau chumvi, umeisahau. Vyote hivyo vitie katika vikapu au mifuko ya nguo, kwani Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Juni 2019, kama sisi tulivyofanya mwaka wa 2017.

La pili ni nafasi. Vyumba ni vichache, na kundi moja la wanafunzi laweza kuvijaza vyote. Kwa hivyo, usiende kwa kubahatisha. Weka nafasi kupitia ofisi ya hifadhi, uombe jibu la maandishi lenye tarehe, idadi ya vitanda na jumla ya pesa, na ubebe nakala yake. Uliza pia malipo yanafanywaje. Hifadhi za Tanzania zimezoea malipo ya benki na kadi, na mtu aliyekuja na bunda la noti peke yake anaweza kukwama langoni.

La tatu ni usiku. Viboko hula majani karibu na nyumba, na kiboko aliye nchi kavu si mnyama wa kuchekwa. Ndiyo maana swali la choo, ambalo wengi huliona la aibu, ni swali la maana sana. Je, choo kiko ndani ya nyumba au nje? Kama kiko nje, ni hatua ngapi, na taa ipo? Mtoto wa miaka mitano haambiwi angoje mpaka kuche.

Wapenda hema

Wanafunzi wa vyuo na vijana wenye miguu mepesi wanaweza kupiga kambi. Vipo viwanja vilivyotengwa kwa kazi hiyo, na ni kwenye viwanja hivyo tu unaporuhusiwa kusimamisha hema lako. Hii ndiyo njia ya bei ya chini kuliko zote za kulala kisiwani, na kwa masikio ndiyo tamu kuliko zote. Usiku kucha utasikia viboko wakikoroma na maji yakigonga mawe, na alfajiri furukombe, yule tai mla samaki, atakuamsha kwa ukelele wake.

Hata hivyo, hema lina ukali wake. Kila kitu ni juu yako: godoro, blanketi, sufuria, jiko, maji safi ya kunywa. Hema lenye tundu moja dogo linakaribisha mbu, na Ziwa Victoria ni nchi ya malaria. Halafu wako mbung'o. Hawa huvutwa na rangi nyeusi na ya buluu, kwa hivyo acha nyumbani ile jinzi unayoipenda na uvae mavazi ya kaki au ya rangi hafifu.

Angalia pia kalenda. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli mnamo Novemba na Desemba. Likizo ya shule ya Aprili, basi, si wakati wa hema. Likizo ya Agosti huangukia kiangazi, na ndiyo inayofaa. Mwenye kupenda ndege na vipepeo atapata mengi zaidi kati ya Novemba na Februari, lakini huyo na alale chini ya bati.

Kambi ya kifahari

Iko pia kambi ya watu binafsi, iliyojengwa kwa ajili ya watalii wenye uwezo. Wengi wa wageni wake huja kwa ndege ndogo inayotua kisiwani kwenyewe, na bei yake kwa usiku mmoja huhesabiwa kwa mamia ya dola kwa kila mtu.

Wako wanaoidharau kambi ya namna hii na kusema ni ya wazungu. Hilo si kweli. Wawili waliotimiza miaka 25 ya ndoa, ambao watoto wao wamekwisha kujitegemea, wana haki ya kulala pazuri na kupikiwa. Mzee ambaye magoti yamechoka, na ambaye safari ya basi ya siku nzima ingemlaza kitandani, huenda akaona ndege na kambi hiyo ni pesa zilizotumika vyema.

Lakini wako pia wanaokopa ili walale humo, wapige picha, wawaonyeshe majirani. Hao nawaambia: Sokwe hawaulizi umelala wapi. Msitu ni ule ule, ziwa ni lile lile, na anayetoka kwenye banda la hifadhi saa kumi na mbili asubuhi anawatafuta sokwe wale wale. Hakuna pesa inayoweza kukuhakikishia kuwaona, kwani ni wanyama wa porini na msitu ni wao.

Ikiwa umeamua kulala kambini, uliza bei hiyo imejumlisha nini. Je, ada ya kuingia hifadhini imo? Boti imo? Matembezi ya kuwafuata sokwe yamo? Watoto wa umri gani wanakubaliwa? Tofauti kati ya "kila kitu kimo" na "chakula kimo" yaweza kuwa karo ya muhula mzima.

Nani anakwenda?

Unaona, basi, kwamba hakuna pahali pamoja panapowafaa watu wote. Kabla ya kuuliza bei, keti na familia yako mezani muulizane mnaenda kina nani.

Kama kuna mtoto mchanga au mama mjamzito, fikirieni mara mbili. Hospitali kubwa iliyo karibu iko bara, huko Chato, na kati yenu na hospitali hiyo kuna maji. Pengine mwaka huu mngojee.

Kama kuna watoto wadogo lakini wenye afya, banda la hifadhi lawafaa, ila mjue kwamba matembezi ya kuwafuata sokwe huwa na kiwango cha umri. Ulizeni mapema ni miaka mingapi, ili mzazi mmoja ajue atabaki nyuma akiwatazama ndege na watoto. Ni afadhali ugomvi huo uishie Nairobi kuliko kuzuka langoni huku mtoto analia.

Kama ni vijana watupu, hema latosha, mradi awepo mmoja mwenye akili ya kupanga chakula. Na kama mmebeba nyanya au babu, mpeni chumba kilicho karibu na choo kabla hamjajigawia nyinyi vitanda.

Kila mmoja awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, amwone daktari kuhusu dawa za kuzuia malaria, na aambiwe mapema kwamba hapo hakuna kuogelea. Ufuo unavutia, mchanga ni mweupe, lakini mamba wamo, na kichocho ni ugonjwa wa ziwa hili. Maji ya kunywa yachemshwe.

Boti na usiku wa ziada

Jambo la mwisho ndilo ambalo wasafiri wengi hawalihesabu kuwa sehemu ya malazi, nalo ni boti.

Ziwa Victoria si bwawa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya abiria. Tarehe 20 Septemba 2018 feri ya MV Nyerere ilipinduka karibu na Kisiwa cha Ukara, wakafa watu 228. Vyombo hivyo vyote viwili vilikuwa vimejazwa kupita kiasi. Sikutaji haya kukutia hofu. Nayataja kwa sababu mtu mwenye haraka ndiye anayepanda chombo kilichojaa, na haraka hiyo mara nyingi huzaliwa na mpango mbaya wa malazi.

Tazama inavyokuwa. Baba amekodi chumba kwa usiku mbili kamili. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Basi la Mwanza linaondoka Jumamosi alasiri. Jumamosi asubuhi upepo unaamka na mawimbi yanasimama. Nahodha anasema tungoje. Baba anatazama saa, chumba kimekwisha muda wake, chakula kimekwisha, tikiti imelipiwa. Hapo ndipo mtu huanza kumshawishi nahodha, au kutafuta mtumbwi wowote utakaokubali.

Dawa yake ni usiku mmoja wa ziada. Uweke katika hesabu yako tangu mwanzo: pesa zake, chakula chake, na swali lake kwa wenye nyumba, yaani, "Boti ikishindwa kuondoka, tunaweza kubaki hapa?" Ukiwa na jibu la swali hilo mfukoni, mawimbi hayatakuudhi. Utakaa barazani, uchemshe chai, ungojee ziwa litulie. Usiku huo usipohitajika, pesa zake zitarudi nyumbani nawe.

Tumia boti iliyopangwa na hifadhi au inayotambuliwa nayo. Kila mmoja, hata mtoto, apewe jaketi la kuokoa maisha linalomtosha, alivae na kulifunga, wala asilikalie. Likikosekana hata moja, usipande.

Mazoezi ya karibu

Msomaji ambaye Rubondo bado ni mbali kwake asikate tamaa. Karibu na Kisumu kuna Mbuga ya Taifa ya Kisiwa cha Ndere, iliyotangazwa mwaka wa 1986. Ni ndogo, kilomita za mraba 4.2 tu, na hapo kanuni inageuka: Kisiwa kilicho jirani ya mji chaweza kutembelewa na kumalizwa kwa siku moja, kwa hivyo lala Kisumu, vuka asubuhi na mapema, rudi kabla ya jioni. Ni shule nzuri kwa watoto ambao hawajawahi kupanda boti. Mkirudi mtakuwa mmejua nani anatapika mawimbini, nani anaogopa, na nani ndiye nahodha wa familia. Halafu mwakani fikirieni Rubondo.

Kila jioni, sokwe wa Rubondo hupanda mtini, huvunja matawi na kuyakunja, akajitengenezea kitanda kipya kabla giza halijaingia. Halali kwa kubahatisha, ingawa msitu mzima ni wake. Wewe unayekwenda huko ukiwa mgeni, na watoto mgongoni, una sababu kubwa zaidi ya kujua utalala wapi. Jua kitanda chako, jua boti yako, weka usiku mmoja wa ziada. Hapo ndipo uwaambie watoto wafunge mizigo.